Kupunguza kelele nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni kwa nyumba za huku kwetu: ukuta wa tofali za kuchoma au bloku, bati juu, dari ya jipsamu au ya mbao, mlango wa flashi (mwepesi, wenye karatasi katikati) ndani na geti la bati nje. Kelele zenyewe zinajulikana. Malori ya Tunduma yakipita Uyole na Mafiati, mashine ya kusaga, spika za baa na za mkesha, jirani wa chumba cha pili, na mvua. Vipimo vya mbao tumeviacha kwa inchi kama vinavyouzwa.

Nianzie wapi kabla sijanunua chochote?

Tafuta matundu. Sauti hupita popote hewa inapopita, na tundu dogo huharibu kazi ya ukuta mzima. Tundu likiwa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta au mlango, hata kama sehemu iliyobaki ni zege nene, hutapata punguzo linalozidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi. Mlango wa upana wa sm 80 na urefu wa m 2 ulioachwa wazi sm 2 kwa chini umeshafika asilimia 1 hiyo. Ndiyo maana mtu anatoa mlango wa flashi, anaweka wa mninga kwa pesa nyingi, na usiku bado anamsikia mtoto wa jirani akikohoa.

Kipimo ni tochi. Usiku zima taa zote, mmoja abaki ndani na mwingine apite nje akimulika kandokando ya milango, madirisha na pale ukuta unapokutana na paa. Panapopenya mwanga, weka alama ya chaki. Matundu yaliyopinda hayapitishi mwanga, kwa hiyo washa udi na upitishe taratibu kwenye kingo; moshi ukiyumba, hapo pana njia.

Wahalifu wa kila siku ni nafasi kati ya fremu ya mlango na lenta (boriti ya juu ya mlango) iliyofunikwa na urembo wa mbao tu, pembe za fremu ya dirisha, na soketi mbili zilizotobolewa zikitazamana kwenye ukuta mmoja. Mwingine ni viungo vya kusimama vya tofali ambavyo fundi hakuvijaza udongo kwa sababu alijua plasta itaficha. Upenyo unaozidi sm 1 uzibe kwa saruji na mchanga. Mdogo kuliko huo uzibe kwa silikoni, au kwa akriliki ikiwa utapaka rangi juu yake, maana rangi haishiki kwenye silikoni. Povu la kupuliza ni jepesi mno. Linajaza nafasi vizuri, lakini lisipofunikwa kwa plasta pande zote mbili sauti italipenya.

Sponji za ukutani au trei za mayai zitazuia kelele ya jirani?

Hapana. Trei za mayai zibebe mayai. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba, yaani sauti yako mwenyewe inayogonga ukuta na kurudi, na kwa anayerekodi ni kitu kizuri. Kinachozuia sauti isivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni uzito, na sponji haina uzito. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapata punguzo la desibeli 5 hadi 6. Kwa hiyo ukiambiwa kifaa fulani kinazuia sauti, uliza kwanza kina kilo ngapi kwa mita moja ya mraba. Jipsamu ya mm 12 ina kilo 8 hadi 9, kioo kina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, na sponji ya sm 5 haifiki hata kilo 2.

Trei zina ubaya mwingine: ni karatasi kavu yenye mikunjo, inashika moto upesi.

Mvua ikinyesha hatusikilizani. Nifanyeje na bati?

Kwa Rungwe, hasa Tukuyu, na hata Mbeya mjini kuanzia Novemba hadi Aprili, hili ndilo swali lenyewe. Kila tone linapiga bati, bati linatikisika kama ngozi ya ngoma, na uwazi wa juu ya dari unakuza mlio. Kuna mambo matatu ya kufanya, na yanafaa kwa mpangilio huu.

La kwanza ni kulifanya bati lisilie. Kama unajenga sasa, hapa ndipo pa kutumia pesa. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30 (namba ikipanda, bati linakuwa jembamba), na mabati yenye chembechembe za mawe hulia kidogo zaidi kuliko bati tupu la msauzi. Ukipanga mbao au plaiwudi juu ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), ukatandika karatasi ya lami, kisha papi (mbao zinazopigiliwa bati) na bati, mlio unapungua sana. Kwa paa lililokwisha ezekwa, unaweza kubandika vipande vya utepe mzito wa lami chini ya bati, katikati ya papi na papi. Si lazima ufunike bati lote. Kufunika nusu ya eneo la kila nafasi kunatosha kulikata makali. Safisha vumbi na ufanye kazi mchana bati likiwa na joto, la sivyo utepe utabanduka msimu wa kwanza.

La pili ni kujaza nafasi ya juu ya dari kwa pamba ya mawe au pamba ya glasi (nyuzi za mawe au za kioo, si pamba ya kawaida), unene wa mm 50 hadi 100. Itandikwe bila kuacha mianya na isikandamizwe, kwa kuwa kazi inafanywa na hewa iliyo ndani ya nyuzi. Vaa glovu, barakoa na mikono mirefu.

La tatu ni dari yenyewe iwe nzito. Chukua chumba cha m 3 kwa m 3.6. Eneo lake ni mita za mraba 10.8, na bodi moja ya m 1.2 kwa m 2.4 inafunika 2.88. Tabaka moja linakula bodi 4 kamili, nunua 5 kwa ajili ya vipande. Tabaka mbili nunua 9. Skurubu ni kama 50 kwa kila bodi, kila sm 20: za mm 38 kwa tabaka la kwanza na za mm 50 kwa la pili. Maungio ya tabaka la pili yasiangukie juu ya maungio ya la kwanza.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Tabaka mbili za mm 12 zina kilo 17 hadi 18 kwa mita ya mraba, kwa hiyo chumba hicho kitabeba karibu kilo 190 juu ya kichwa chako. Fremu ya 2x2 iliyopigwa misumari kwa ajili ya bodi ya mm 9 haitoshi. Kwa urefu wa m 3 weka 2x6 kila sm 40, au 2x4 zenye egemeo katikati. Mbao za paina za Mafinga zinafaa kabisa zikiwa zimekauka. Mbao mbichi hujipinda baada ya miezi michache, skurubu zinachungulia, na dari inapasuka kwenye maungio.

Tumeweka dari nzuri, lakini jirani wa chumba cha pili tunamsikia kama yupo kitandani kwetu. Kwa nini?

Kwa sababu ukuta kati yenu umeishia kwenye dari. Hili ni tatizo la karibu kila nyumba ya vyumba vya kupanga: fundi alijenga kuta za ndani hadi usawa wa lenta au kozi (mistari ya tofali) mbili juu yake, akapiga kenchi, na uwazi wa juu ukabaki mmoja kwa nyumba nzima. Sauti inapanda kupitia dari ya jirani, inasafiri chini ya bati na kushuka kwenye dari yako. Ukuta unaweza kuwa wa tofali mbili, haitasaidia kitu.

Dawa ni kupandisha ukuta hadi kwenye bati. Kwa tofali za kuchoma za sm 23 x 11 x 7.5 zikiwekwa mstari mmoja, hesabu tofali 50 kwa mita ya mraba. Kabla ya kupandisha, hakikisha ukuta wa chini una msingi wake. Ukuta uliojengwa juu ya sakafu tu usiongezewe mzigo wa tofali. Huo upandishe kwa fremu ya mbao yenye jipsamu pande zote mbili na pamba katikati. Pale juu, usijenge ukaligusa bati kwa saruji ngumu. Bati linatembea kwa joto na baridi, saruji itapasuka. Acha sm 2, jaza pamba ya mawe iliyobanwa, kisha fuata migongo ya bati na uzibe kwa akriliki. Plasta ipigwe hata huko juu kusikoonekana. Tofali tupu zenye viungo vilivyo wazi zinapitisha sauti kama chekeche.

Ukikosa ruhusa ya kujenga huko juu, jaza pamba mm 100 juu ya dari yako na uongeze tabaka la jipsamu. Inasaidia, ila si kama ukuta.

Ukuta wa tofali za kuchoma unatosha kuzuia sauti?

Ukipigwa plasta pande zote mbili na viungo vikajazwa, ndiyo, kwa mazungumzo ya kawaida. Unakata desibeli 45 hivi. Redio kubwa na besi vitapita.

Nataka kuongeza ukuta wa jipsamu mbele ya ule wa zamani. Unajengwaje?

Usiruhusu fundi apige vibanzi vya mbao vya inchi 1 ukutani na kugongelea bodi juu yake. Ndiyo njia ya haraka na ndiyo kosa kubwa. Mbao iliyogusa ukuta inabeba mtetemo moja kwa moja, na ile hewa finyu ya sm 2 nyuma ya bodi inafanya kazi kama springi, hivyo sauti nzito zinaweza kuongezeka badala ya kupungua.

Simamisha fremu ya 2x3 peke yake, imeshikwa sakafuni na juu tu, ikiwa sm 2 mbali na ukuta. Chini ya mbao ya sakafuni tandika ukanda wa mpira. Nguzo ziwe kila sm 60, na kati yake pamba ya mawe mm 50. Halafu tabaka mbili za jipsamu mm 12, ukiacha upenyo wa mm 5 kuzunguka kingo zote, ambao utauziba kwa akriliki. Jumla unapoteza sm 12 za chumba. Kabla ya kufunika, pitisha ubao mwembamba nyuma ya fremu toka juu hadi chini. Ukikwama popote, kuna tofali, tone la plasta au msumari unaogusa, na hapo ndipo sauti itakapovukia. Soketi zihamishie ukuta mwingine kama inawezekana.

Dirisha la chumba cha kulala linatazama barabara kuu. Kioo kizito kitasaidia?

Kidogo, kama fremu inavuja. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yana brashi kwenye kingo, na brashi haizibi. Tena yana matundu ya kutolea maji chini. Vioo vya luva vya nyumba za zamani ndivyo vibaya kuliko vyote, kila kipande kinaacha mstari wazi. Dirisha la bawaba lenye mpira unaobanwa na komeo linashinda la kusukuma lenye kioo kinene zaidi.

Linalofanya kazi kwa malori ni dirisha la pili ndani ya lile la kwanza. Ukuta wa tofali ukiwa mnene huacha nafasi ya kutosha. Weka fremu mpya upande wa ndani, isiguse ya zamani, ikiwa na umbali wa sm 10 au zaidi kati ya kioo na kioo. Vioo viwe na unene tofauti, mfano mm 4 nje na mm 6 ndani, ili visitikisike kwa mlio mmoja. Kingo za ndani za shimo la dirisha, kati ya vioo viwili, zibandike pamba nyembamba iliyofunikwa kitambaa. Vioo viwili vilivyotenganishwa na mm 12 tu, ambavyo huuzwa kama dawa ya kelele, vinasaidia zaidi kwenye baridi. Kwa mngurumo wa lori, nafasi hiyo ni finyu.

Dirisha la pili lifunguke. Lisafishwe, na watu waweze kutokea wakati wa moto.

Na mlango?

Mlango wa flashi una karatasi ndani. Badilisha uwe wa mbao nzima, au ongeza plaiwudi ya mm 12 upande mmoja ukikumbuka kuongeza bawaba ya tatu. Piga mpira kwenye fremu pande tatu, na chini weka kizingiti cha mbao chenye mpira ambao mlango unaubana ukifungwa. Funga karatasi kati ya mlango na mpira: ikichomoka bila kushikwa, mpira haubani. Sogeza kitasa kwanza, wengi hununua mpira mnene zaidi na mlango unagoma kufunga.

Nikiziba kila mahali, hewa itatoka wapi?

Swali hili lilistahili kuwa la kwanza. Mwezi wa Juni na Julai, Mbeya, Makete na Njombe, watu huingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu hufa usingizini bila kushtuka. Hata chumba chenye matundu si salama kwa jiko la mkaa. Chumba kilichozibwa kwa ajili ya kelele ni hatari maradufu. Ukiziba, jiko halilali ndani, hata likiwa na makaa yanayokaribia kuzimika. Nyumba ikizibwa vizuri inatunza joto, blanketi moja zaidi linatosha.

Matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe, yatengenezee kasha. Chukua plaiwudi ya mm 18, tengeneza sanduku la urefu wa sm 60 lililobandikwa ukutani juu ya tundu upande wa ndani, hewa iingilie mwisho mmoja na kutokea mwingine. Ndani weka vibao viwili vinavyoacha njia upande huu kisha upande ule, hewa ipite kwa kupinda kona. Kuta zote za ndani bandika pamba ya mm 25 iliyofunikwa kitambaa. Njia isiwe nyembamba kuliko tundu lenyewe mahali popote. Hewa inapinda bila shida, sauti inanyonywa kila inapogonga pamba.

Maranda yapo tele na ni ya bure. Kwa nini nisijaze juu ya dari?

Yananyonya sauti kiasi, kweli. Lakini yanashika moto, na juu ya dari ndiko nyaya za umeme ziliko. Yanalala na kuacha mapengo, yanavuta unyevu bati likitoa jasho asubuhi za baridi, na panya watakushukuru. Acha.

Besi ya baa inatetemesha kitanda. Nini kinaizuia?

Karibu hakuna kitu cha bei nafuu. Sauti ya hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) ina wimbi la urefu wa mita 5.7 hivi. Sponji ya sm 5 hailioni. Mazungumzo na mwenye baa yanashinda vifaa vyote. Spika zigeuzwe zitazame upande usio na makazi. Zinyanyuliwe kutoka kwenye sakafu na kuondolewa pembeni mwa ukuta, kwani kona huikuza besi, na ziwekwe juu ya mpira. Kwako, hamishia kitanda kwenye chumba cha mbali zaidi. Umbali ukiongezeka mara mbili kutoka kwenye spika ya uwanjani, sauti hupungua desibeli 6.

Nikipanda miti kuzunguka uwanja?

Itapendeza. Mstari mmoja wa miti ya uzio au mikaratusi hauzuii sauti, labda uwe na msitu wa makumi ya mita. Ukuta wa tofali unasaidia ikiwa, ukisimama dirishani, hauoni kabisa chanzo cha kelele. Ukiona kichwa cha lori juu ya uzio, umejenga uzio wa wezi tu. Geti la bati lenye uwazi wa sm 10 chini linapoteza sehemu kubwa ya faida.

Pampu ya maji au mashine inaunguruma nyumba nzima.

Huo ni mtetemo, hausafiri kwa hewa bali kwa sakafu na mabomba. Kata njia yake. Weka pampu juu ya mpira unaobonyea milimita kadhaa kwa uzito wake (kipande kigumu cha tairi chini ya pampu ndogo hakibonyei, hivyo hakifanyi kitu). Unganisha bomba kwa mpira laini wa nusu mita kila upande, na vibano vya ukutani vipewe kitambaa cha mpira. Mashine ya kusaga ijengewe kitako chake cha zege kisichogusana na sakafu ya jengo, pakiachwa nafasi ya sm 2 kuzunguka. Jenereta likae nje siku zote. Ukilijengea kibanda, lipe njia ya hewa baridi kuingia na moshi kutoka mbali na madirisha.

Usiku bati linalia "ta! ta!" na hakuna upepo. Ni nini?

Bati linajikunja. Huku mchana jua kali, usiku baridi. Bati la m 6 likishuka nyuzi joto 40 linapungua karibu mm 3, na linapokwama kwenye msumari linaruka ghafla. Kagua misumari iliyolegea na mipira yake iliyokauka, badilisha kwa skurubu za bati zenye mpira mpya.

Mimi ni mpangaji, siruhusiwi kugonga msumari.

Tengeneza kizibo cha dirisha: ubao wa plaiwudi mm 18 uliokatwa mm 10 pungufu ya shimo kila upande, kingo zimezungushwa ukanda wa sponji nene, na vishikio viwili. Unakisukumia usiku, unakitoa asubuhi, na ukihama unahama nacho. Kisiwekwe kwenye chumba kisicho na njia nyingine ya hewa. Kabati la nguo lililojaa likisogezwa kwenye ukuta wa jirani nalo lina uzito wake.

Nitajuaje kama kazi imesaidia? Na sheria inasemaje?

Programu ya simu ya kupima desibeli haiaminiki kwa namba halisi, ila inafaa kwa kulinganisha. Weka redio mahali palepale kwa sauti ileile, simu ileile sehemu ileile, pima dakika moja kabla na dakika moja baada. Tofauti ya desibeli 3 utaihisi kwa shida. Desibeli 10 sikio linaona kelele imepungua nusu.

Kuhusu sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zenye viwango tofauti kwa mchana na usiku. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ina ofisi ya kanda Mbeya. Nenda na daftari lenye tarehe, saa kelele ilipoanza, saa ilipoisha na majina ya majirani walio tayari kusema. Vipimo vya simu yako huenda visikubaliwe kama ushahidi, lakini daftari la wiki tatu linamwonyesha afisa saa ya kuja na kipimo chake.